Donge la Wanga Lisiloiva

Siku ile ya Mbweni, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mkono wangu wa kulia hufa ganzi.

Nilikuwa msichana, msaidizi wa Mwalimu Seif katika maabara yake ndogo kule Mbweni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mwalimu alikuwa amehangaika mpaka akaazimwa hadubini ya leza na watu wa bara. Si kama hizi za shuleni. Hii unakipiga kitu kwa nuru nyekundu, na kitu chenyewe, kikiwa cha aina yake, kinakurudishia nuru ya buluu. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilidhani nachezewa shere.

Wenyewe walitoa sharti moja: wakija kesho yake asubuhi waikute inafanya kazi, la sivyo wanaondoka nayo. Kioo maalumu cha kuijaribia kilikuwa ghali, hatukuwa nacho. Mwalimu alikuwa amesoma kwamba wanga wa kawaida unatosha. Basi akaja na kibakuli cha wanga ambao mkewe, Bi Rahma, alikuwa ameupika wa kutilia kanzu. Tulifurahi, maana uji ule ulitandaa vizuri juu ya kipande cha kioo cha kawaida.

Tukakiweka chini ya hadubini: giza. Tukaongeza nuru, giza. Tukazima, tukawasha, skrini ya kompyuta ikabaki nyeusi ti.

"Imekufa," akasema Mwalimu. "Imenifia mikononi, Zuwena."

Akaanza kukusanya maboksi ya kuifungia.

Mimi nikawa nakitoa kile kioo. Nilikisogeza kidogo tu, na skrini ikalipuka kwa mwanga. Punje tele zinang'aa, kama chumvi iliyomwagika juu ya kaniki!

"Usiguse!" Mwalimu akapiga kelele. "Wallahi, Zuwena, usitikisike!"

Niliganda, mkono wa kulia hewani, mpaka ukafa ganzi.

Alipopachokoa kwa sindano pale palipong'aa, alikuta donge dogo, na ndani yake unga mkavu ambao moto haukuufikia. Akakaa sakafuni kama alivyo, na suruali yake nyeupe. Ndani ya punje za wanga mbichi chembe zimejipanga kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio unaogeuza nuru. Ukizipika unavunjika. Hadubini ilikuwa nzima muda wote, ila sisi tuliipa kitu kisichoweza kujibu.

"Miaka yote nnamgombeza Rahma kwa madonge yake," akasema, kajishika kichwa. "Nshamwambia mara ngapi hajui kupika wanga! Leo ntamtazama vipi usoni?"

Sikujua nicheke au nilie. Akanituma sokoni Mwanakwerekwe nikanunue unga mbichi wa muhogo, na wenyewe walipokuja asubuhi walikuta skrini imejaa nuru. Hadubini ikabaki.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Chombo kikikunyamazia, usikimbilie kukifungia boksi. Kitazame kwanza ulichokiweka chini yake, ukibadilishe, kwani unga wa jikoni unapatikana upesi kuliko chombo cha kuazima. Na watu ni hivyo hivyo: kabla hujasema fulani hana jibu, hakikisha umemuuliza kitu anachoweza kukijibu. Na anayekupikia, tafadhali, usimgombeze.

Mungu akupe mkono wenye subira, mwanangu, na siku giza litakapokuzunguka, akubakishie donge moja lisiloiva.