Matege Yetu

Mama mkwe aliamini namnyima mwanangu maziwa. Alilisema mbele ya wageni, nyumbani kwake Masanze, binti yangu wa miaka mitatu akipita uani na matege kama yangu.

"Maziwa anakunywa kila siku, nanunua kwa wafugaji," nikasema. "Dagaa anakula, maharage anakula."

"Basi miguu imepinda kwa nini?"

Mama yangu aliulizwa hivyohivyo juu yangu, akainamisha kichwa mpaka anakufa. Mimi nilikataa. Kesho yake nikambeba mtoto, tukapanda basi hadi hospitali Mikumi.

Muuguzi alipoanza kunifundisha lishe, nikamkatiza. "Dada, andika anachokula, halafu mpimeni damu."

Walimpima damu na mkojo. Majibu yalipotoka, daktari aliniita.

"Mama, chakula hakina kosa. Anachopoteza ni fosfati, madini yanayokomaza mifupa."

Akanieleza taratibu. Mtu akila fosfati nyingi, mifupa hutoa homoni inayoziamuru figo zimwage ziada kwenye mkojo. Akila kidogo, homoni hupungua, na figo huirudisha fosfati kwenye damu. Kwa mwanangu homoni ile haipungui. Figo zake zinamwaga tu, hata mifupa ikiwa na njaa.

"Ungempa maziwa ya ng'ombe wote wa Kilosa, bado fosfati angeikojoa," alisema. Kisha akaitazama miguu yangu. "Huu ni ugonjwa wa kurithi."

Nilicheka. Halafu nikamlilia mama yangu, palepale kwenye kiti cha wagonjwa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Ugonjwa umetoka kwangu. Kwenye damu, siyo kwenye sufuria."

"Kumbe ni ukoo wenu!"

"Ndiyo, ni ukoo wetu. Na huyu ni mjukuu wako. Dawa yake ya fosfati ni mara nne kwa siku. Nikiwa shambani, utampa wewe."

Nikaitoa chupa ya dawa mfukoni. Akanyoosha mkono, akaichukua.

Dawa hiyo ina chumvi, mtoto huitema, na wakati mwingine naifuata hadi Morogoro mjini. Miguu yake imeanza kunyooka, ingawa bado haijanyooka kabisa. Yangu haitanyooka tena. Juzi nilimwambia fundi anishonee sketi ya kuishia magotini, nikaivaa sokoni. Anayetaka kutazama, atazame.