Koja la Noti za Kumi

Kwa Girdhari, fundi wa makoja ya harusi hapa Kanpur, bwana harusi asiyening'iniza noti shingoni alikuwa nusu bwana harusi. Alizikunja noti mpya za rupia kumi kama marinda ya sketi, akazitunga kwenye uzi wa dhahabu, uso wa noti ukitazama watu. Mgongo wake hakuna aliyeujali, na yeye mwenyewe hakuwahi kuusoma.

Sasa binti yake Kusum alikuwa anaolewa Madurai, kusini, kwa Watamil. Kijana, Ilango, hakuwa na neno; hata Kihindi alikijua. Aliyemkosesha Girdhari usingizi ni mama wa kijana, Visalakshi. Hakujua Kihindi, Kusum hakujua Kitamil, na tangu ashuke kwenye treni alikuwa amekaa kimya, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri treni ya kurudi. Girdhari alimwonea binti yake uchungu. Akiumwa kichwa huko, atamwambia nani?

Ndipo akakumbuka mgongo wa noti, thamani ilipoandikwa kwa lugha kumi na tano, mstari chini ya mstari. Akaamua kulikunja koja la mkwewe kinyumenyume, Kitamil peke yake kionekane.

"Baba Kusum, Kitamil unakijua wewe?" mkewe akamuuliza.

"Si kile chenye herufi za mviringo?"

"Za kusini zote ni za mviringo."

"Basi siwezi kukosa."

Siku ya harusi, shangazi za Kusum walipoona noti zimegeuka mgongo, wakanong'onezana kwamba macho ya mzee yamekwisha. Girdhari akajikaza, akamvisha Ilango koja pale langoni, akamwonyesha mama mtu mstari kwa kidole. Visalakshi akavaa miwani, akainama, akasoma. Kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Anasemaje?" Girdhari akamuuliza Ilango.

"Anasema umebisha hodi kwa jirani, baba. Hiki ni Kitelugu. Sisi tunakaa mlango wa juu yake."

Mama akafungua mkunjo mmoja, na kweli, Kitamil kilikuwa kimejificha ndani. Girdhari alitamani ardhi ipasuke immeze. Ila Visalakshi alikuwa bado hajamaliza.

"Anauliza, chako wewe ni mlango upi?"

Girdhari akaishuka mistari, akaipanda tena. Kihindi hakikuwemo. Kilikuwa kando, peke yake, kwa herufi kubwa.

"Anasema wenzako wote wamepanga vyumba," Ilango akatafsiri, akijizuia kucheka. "Wewe umejichukulia nyumba nzima."

Hata wale shangazi walicheka. Visalakshi akaurudisha mkunjo taratibu, safari hii akiacha Kitamil na Kitelugu vyote nje, akasema neno jingine, kwa sauti ya chini.

"Anasema usihofu, baba. Kusum ana chumba kwake. Na kuusoma mlango wetu atamfundisha yeye mwenyewe."

Girdhari alilia palepale langoni, mbele ya bendi nzima ya harusi.