Msusi Aliyepima Chanjo kwa Kioo cha Mkononi

"Usimguse."

"Nisimguse? Mimi?"

"Wewe. Rudisha mikono."

"We mtoto, mikono hii ndiyo iliyokupangusa kamasi mpaka ukaota meno. Leo imekuwa miiba?"

"Mikono haina shida, mama. Shida ni pumzi. Unashinda umeinamia vichwa vya watu, huyu anakukoholea, yule anakupigia chafya. Chanja kwanza, ndiyo ubebe."

"Nitachanja."

"Lini?"

"Ikija ile ninayoitaka."

"Mama, chanjo ipo hapo! Hapo ng'ambo! Ukirusha hicho kitana kinampiga sista kichwani. Ila wewe unachagua. Haya, mchagua nazi..."

"Usinitupie methali. Hizo nimekufundisha mimi."

Mtaa umeshasimama kusikiliza. Anayekatazwa kugusa ni msusi, mwenye saluni, watu wanamwita Mama Chapchap. Anayemkataza ni binti yake, mtoto wake wa pekee, amesimama nje ya mlango na kichanga kimefungwa kwenye shuka la manjano. Katikati yao kuna ndoo ya maji ya kunawa mikono. Hakuna anayeivuka.

Kichanga ni mjukuu wa kwanza. Wa kike. Bibi yake hajambeba hata mara moja. Anamwangalia kama watu wanavyoangalia nguo nzuri kwenye dirisha la duka kubwa, macho yanashiba, mikono inalala njaa.

"Mke mwenzangu huyo," Mama Chapchap anasema huku binti yake anaondoka. "Amekuja kuninyang'anya mume ambaye hata sina. Na bado sijamshika."

Benchi zima la wateja linacheka. Yeye hacheki sana.

Saluni yake ni chumba kimoja. Ukuta wa kijani umechubuka pale vichwa vinapoegemea. Kuna kiti cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani, kuna benchi la wanaosubiri, kuna mafungu ya rasta yananing'inia kwenye msumari. Kuna kioo kikubwa ukutani, na kuna kioo kidogo cha kushika mkononi, mpini wake wa waridi umevunjika ukafungwa utepe. Hicho kidogo ndicho kilichomponza.

Tangu ugonjwa uingie, mlango haufungwi hata mvua inyeshe. Barakoa lazima. Asiye nayo anarudishwa, hata awe shoga yake wa miaka yote. Lakini kusuka hakuna kukaa mbali mita moja. Huwezi kumsuka mtu ukiwa upande wa pili wa chumba. Unamsuka umemwinamia, kidevu chako kiko juu ya utosi wake, na kazi yenyewe inakula nusu siku.

Nusu siku hiyo, midomo inafanya nini? Inaongea. Na mji mzima ulikuwa unaongea kitu kimoja.

Chanjo zilizofika zilikuwa mbili. Majina ya kwenye chupa yanavunja ulimi, kwa hiyo watu wakayatupa. Moja wakaiita ya moja, kwa sababu unachomwa mara moja umemaliza. Nyingine wakaiita ya mbili, unachomwa, unangoja wiki kadhaa, unarudi kuchomwa tena.

Ya moja ilikuwa zahanati ya ng'ambo ya barabara. Ipo kila siku, na foleni yake fupi. Ya mbili ilikuwa hospitali kubwa, mwisho kabisa wa mji. Ikiwepo. Leo ipo, kesho imeisha, keshokutwa mlinzi anakwambia njoo wiki ijayo.

Sasa binadamu alivyo, kilicho karibu anakidharau.

"Kama sindano moja inatosha, mbona wengine wanapewa mbili?" aliuliza mteja mmoja siku moja kwenye benchi. "Si ina maana sisi wa moja tunapunjwa?"

Muuza mayai wa kona, mteja wa kudumu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu, alimjibu bila kugeuka. "Ukimeza kidonge kimoja kichwa kikapona, unarudi dukani kudai cha pili?"

"Mimi nasema tu."

"Usiseme tu. Nenda kachanje, ndiyo useme."

Mama Chapchap hakuingia kwenye mabishano hayo. Alikuwa na kipimo chake.

Akimaliza kumsuka mtu, anampa kile kioo kidogo ajiangalie kisogo. Mteja anageuzia mgongo kioo cha ukutani, anainua mkono juu, anaangalia mistari. Ndivyo ilivyo saluni zote. Ila yeye akaanza kuwauliza kwanza, umechanja ipi? Mkono upi? Kisha anampa kioo kwenye mkono huo huo uliochomwa, makusudi kabisa, anasimama pembeni kuchungulia.

"Maneno yana wenyewe," anasema. "Mtu anaweza kukwambia haumii, kumbe anajikaza. Lakini mpe kioo akiinue. Mkono haujui kudanganya."

Wiki baada ya wiki majibu yakawa yale yale. Wa ya moja wakiinua kioo wanakunja uso, wengine wanapiga kabisa "uuuwi!" Wa ya mbili wanakiinua juu kama bendera.

Akahukumu. Ya moja inaua mkono. Atangoja ya mbili.

Usimcheke haraka. Huyu mama alibaki mjane binti yake akiwa hajaanza shule. Alianzia kwenye ngazi ya nyumba ya kupanga, amekaa juu, mteja amekaa ngazi ya chini, kitana na mafuta ya nywele pembeni. Mvua ikinyesha, wanahamia kwenye korido. Ngazi ile ndiyo iliyolipa ada, ikalipa kodi, ikamwoza binti, na mwishowe ikazaa chumba hiki cha kijani. Siku ikiwa nzuri anasuka vichwa viwili. Mkono ukilala, hakuna kichwa.

"Hii mikono ndiyo mume wangu," anasema na kucheka. "Tena huyu harudi amelewa. Sasa nimpeleke akapigwe sindano ya kupooza?"

Hospitali kubwa alikwenda. Mara ya kwanza chanjo imeisha. Mara ya pili haijaja. Mara ya tatu ipo, akapanga foleni toka asubuhi, jua likampiga mpaka barakoa ikalowa, na dirisha likafungwa yeye akiwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni. Alirudi nyumbani amenuna, akipita mbele ya zahanati ya jirani kama hajaiona.

Na mjukuu anakua. Alishaanza kutabasamu, anatabasamia watu wengine.

Basi Jumamosi moja, sista wa zahanati ile ile ya ng'ambo akaingia saluni. Alikuwa na siku ya mapumziko na harusi ya mdogo wake inakuja, anataka rasta ndogondogo. Sista ni mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Akakaa, akasukwa. Upande wa kushoto ukaisha, upande wa kulia nywele bado zimesimama wima.

"Hebu nione mistari ya nyuma kabla hujaendelea," akasema.

Mama Chapchap akampa kioo mkono wa kushoto. Mazoea. Sista akakiinua juu, akakishusha, akakizungusha, akakiinua tena.

"Enhe," Mama Chapchap akasema, kama mtu aliyeshinda kesi. "Wewe ulichoma ya mbili. Mnatupa sisi ya moja, nyie wenyewe mnakwenda hospitali kubwa."

"Nani? Mimi nimechoma ya moja. Nilikuwa wa kwanza pale."

Kitana kikasimama hewani.

"Mkono huu huu?"

"Huu huu."

"Mbona unapanda hivyo?"

"Usipande una nini? Nimechoma zamani, mama. Ulinisumbua siku ya kwanza, kesho yake ukapoa."

Mama Chapchap akashusha kitana. Akamgeukia muuza mayai, aliyekuwa kwenye benchi anasubiri zamu. "Wewe. Siku ile uliyopiga kelele na kioo, ulikuwa umechoma lini?"

"Siku hiyo hiyo! Nimetoka kwa sista, nimevuka barabara, nikaona kiti chako kitupu, nikasema acha nikae nisukwe huku napumzika."

"Na yule shoga yako aliyekunja uso?"

"Si tulikuwa wote."

"Na wale wa hospitali kubwa?"

"Aah, nani atoke mwisho wa mji, mkono unamwuma, aje kukaa nusu siku anavutwa nywele? Wale wanalala nyumbani kwanza. Wanakuja kwako wakishapoa."

Halafu sista akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mikono ya kiti.

"Mama Chapchap, hukupima chanjo wewe. Umepima barabara! Wa kwangu wanakuja kwako wa moto, wa kule wanakuja wamepoa. Hiyo ya mbili nayo inauma, tena wengine wanaumwa mara mbili."

Benchi likapasuka. Muuza mayai alikuwa anajipiga mapaja. Mama Chapchap alisimama na kitana chake, uso haujui ukae vipi, mwishowe akacheka na yeye. Angefanyaje?

"Haya, niambie basi," akasema akishafuta machozi. "Ipi bora?"

"Zote zimepimwa na wanaojua kupima. Zote zinakukinga usije ukaugua vibaya ukalazwa. Kwa mtu anayepumuliwa kutwa nzima kama wewe, bora ni ile utakayoipata leo. Na ukishachoma usivue barakoa, chanjo haikugeuzi chuma."

Mama Chapchap akachungulia dirishani. Ng'ambo, mlango wa zahanati ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi siku zote hizo.

"Twende unichome."

"Leo niko ofu, mama."

"Uko ofu, na kichwa chako ninacho mimi?" Akaweka kitana mezani taratibu. "Hunichomi, sisuki. Nenda harusini na nusu kichwa."

Mtaa ule hautasahau. Mbele anatangulia Mama Chapchap, kitana amekichomeka kwenye nywele. Nyuma anamfuata sista wa serikali, upande mmoja rasta zimelala safi, upande mwingine nywele zimesimama kama kuku aliyeona mwewe. Nyuma yao muuza mayai, hana sababu yoyote ya kwenda ila hataki kuhadithiwa. Fundi baiskeli aliacha gurudumu likazunguka peke yake. Waliokaa kwenye benchi la zahanati walisimama wenyewe bila kuambiwa.

Muuguzi wa zamu alivyomwona mwenzake, alipisha kiti akatoka nje kwenda kucheka vizuri.

"Mkono upi?" sista akauliza.

"Kushoto. Wa kulia una kazi ya kichwa chako."

Alifumba macho. Alipofumbua akauliza, "Unaanza lini?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza? Ndiyo hii iliyoninyima mjukuu wangu?"

Kichwa cha sista kikamaliziwa jioni ile. Mkono uliuma, tusidanganyane. Kesho yake ulikuwa mzito kama gunia lililolowa, na kesho yake hiyo hiyo kulikuwa na bibi harusi wa kusuka, yule mdogo wake sista. Muuza mayai akajitolea kuwa mkono wa kushoto, akawa anashika rasta, anapitisha, anatukanwa, anarudia. Kichwa kikaisha. Benchi likadai Mama Chapchap naye ashike kioo. Akakiinua. "Uuuwi!" Wakacheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja. Siku iliyofuata alikuwa anasuka mwenyewe.

Sista alimwambia mwili unahitaji wiki mbili hivi kujijenga. Binti akazishika wiki hizo kama amri. Kila jioni alikuwa anapita mlangoni, anasimama upande wake wa ndoo, anafunua shuka kidogo.

"Huyo anakusalimia."

"Mwambie ana deni la kubebwa."

Siku hizi mteja asiyechanjwa akiingia, Mama Chapchap anamwonyesha ng'ambo kwanza. "Nenda, urudi nikusuke. Kioo usiniombe leo, utashika wiki ijayo." Wanaomuuliza wachague ipi anawajibu wachague iliyo wazi. Wakibisha, anawasimulia habari ya kioo, anajicheka mwenyewe kabla hawajamcheka.

Ana mpango pia. Anataka kiti cha pili, kinachozunguka kweli, binti yake arudi kwenye kitana maana anasuka vizuri kuliko mama yake, ila asiambiwe. Na pale kona, chini ya dirisha, pawekwe mkeka. "Mke mwenzangu atakaa pale. Atajifunza kuongea humu humu, kwenye benchi hili. Mungu amsaidie."

Leo asubuhi wiki zimetimia. Muuza mayai yuko kwenye kiti, upande mmoja umeshasukwa. Binti anatokea mlangoni na shuka la manjano. Hasimami. Anavuka ndoo.

Mama Chapchap anaacha rasta ikining'inia. Ananawa mpaka kwenye viwiko, anajifuta, anavuta barakoa iende juu ya pua. Ananyoosha mikono yote miwili, na safari hii hakuna anayemkataza. Mtoto anawekwa. Mzito kuliko alivyodhani. Anamwangalia bibi yake, anamshika kidole kile kile cha kugawia nywele, anakikaza.

"Ana mshiko," bibi anasema. "Huyu msusi."

"Haya, umemwona," muuza mayai anaita kutoka kwenye kiti. "Sasa mrudishe uje umalize. Mayai yangu yako juani! Hivi unaniacha nusu kichwa?"

"Sista alivuka barabara hivyo hivyo," Mama Chapchap anamwambia. "Hakufa."

Anageuka, anaivuka ndoo, anatoka nje kwenye jua na mjukuu wake kifuani, huyo anakwenda zake.