Tope la Njano Kitaluni

Siku niliyoanza kazi katika shamba la mbegu kule Talatala tulikuwa wanne: mama mkwe wangu Tupokigwe, aliyeniombea kibarua, wifi yangu Sekela, Bupe wa Mbugani, tuliyebatizwa naye siku moja, na mimi. Bwana Shamba alikuwa Mussa, mtu wa Kigoma.

"Vueni kandambili," akatuambia. "Mguu ndio unaopima tope."

"Na wewe je, baba?" Sekela akamchokoza.

Akavua viatu na soksi, akaingia. Tukamheshimu tangu hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa kupandikiza mpunga: unang'oa miche kitaluni ilikooteshwa, unaipanga jarubani, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo za kushika maji. Mussa alipohamishwa akaja Bwana Shamba Joseph, Mngoni, mkali wa maneno. Huyo ndiye aliyenikabidhi kitalu. Mbegu ya mpunga wetu, ule wenye harufu, kijiji kizima kilikuja kuichukua hapo.

Sasa mjue, wajukuu, kwetu mto kufurika ilikuwa neema. Tope jeusi la milimani ni mbolea ya bure; tulilichota kwa mikono, tukalitandaza kitaluni, tukisema ndaga, asante. Masika moja, enzi za Joseph, tukafanya vilevile. Ila tope lilikuja la njano, linanuka kama msumari wenye kutu. Bupe akasita.

"Tope ni tope, mama. Tandazeni," Joseph akasema. Hata yeye hakuna aliyekuwa amemwonya kuhusu tope hilo.

Miche ikapauka, ikalala. Mbegu yote! Na sisi vidole vya miguu vikatoka vidonda. Ndipo tukasikia kwamba kule juu kuna mgodi wa shaba wa zamani. Wenyewe walichimba, wakachukua chao, wakaondoka; mabaki wakayaacha yamerundikwa ukingoni mwa mto, mvua ikayasomba. Mtu achinje ng'ombe, nyama apeleke kwake, utumbo akutupie kisimani! Ni adabu gani hiyo?

Tulipolalamika, akatumwa kijana wa kututuliza. Akasimama juu ya kingo na buti za mpira hadi magotini, glavu mikononi.

"Mama zangu, hii ni kutu tu. Haina madhara."

"Ndaga, mwanangu," nikamwambia. "Basi vua buti, uingie jarubani tuongee."

"Nina haraka, bibi."

"Haraka ya nini?" Sekela akadakia. "Au miguu yako ni ya sukari?"

Akapanda gari lake.

Nimestaafu, na kitalu changu bado ni kipara. Mbegu inanunuliwa dukani, harufu ya wali wake hata jirani haisikii. Mto ukijaa tunakimbia kuziba kingo, sisi tuliokuwa tukiupokea kwa mikono miwili.

Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka. Kama nimemkosea mtu kabila, au nimemsahau aliyekuwapo, nisahihisheni. Ila yule wa buti hakututajia jina lake, wala la waliomtuma. Anayeyajua aniletee, niyaandike hapa pamoja na yetu.