Gesti ya Sokoni Imemkataa Mama Yangu

Jamani, leo mama yangu kafukuzwa gesti hapa Tarime mjini!

Nimemtoa kijijini Kemambo kuja kutibiwa mguu. Nikachagua gesti ya mtaa wa sokoni, Bomani, ili akitoka mlangoni apate uji bila kutembea sana.

Dada wa mapokezi hata salamu hakutoa, akaangalia tu shuka alilojitanda mama na kandambili zake.

"Vyumba vimejaa."

Hata hatujainua mizigo, akaingia kijana na begi la magurudumu. Akapewa ufunguo!

Nikaanza kufoka. Mama akanishika mkono, akamuuliza yule dada taratibu, "Binti, na shikamoo nazo zimeisha?"

Dada akainamia daftari lake.

Sasa tuko kwa mama muuza nyanya wa mtaa huohuo. Katupa chumba cha binti yake. Mama amelala.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?