Shampuu ya Zachariah katika Saluni ya Wangeci

Binti yangu Wangeci ana digrii ya kemia na saluni katika Soko la Kenyatta. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu wako watu huku kwetu Dagoretti wanaotaja la pili tu, tena kwa kushusha sauti. Alipoifungua, aliniomba ruhusa ya kuandika jina la marehemu babake mlangoni. Nilikubali kwa sharti moja: mteja yeyote asidanganywe chini ya jina la Muigai.

Jumamosi moja nikiwa pale nasukwa, aliingia shemeji yangu Zachariah, mdogo wa marehemu, na katoni ya shampuu na bango jipya: "Osha mara moja, nywele zinyooke! Inapatikana kwa Muigai."

"Mama, nimekuletea bahati," alimwambia Wangeci. Humwita mama tangu alipozaliwa, kwa kuwa binti yangu alipewa jina la mama mzazi wa Zachariah na kakake, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu.

"Baba mdogo, shampuu ni sabuni. Inatoa mafuta na jasho. Mkunjo uko ndani ya unywele wenyewe, sabuni itaufikiaje?"

"Hayo ni ya vitabu. Nipe kichwa uone!"

Jackie, mteja aliyekuwa akijiandaa kwa harusi, akajitolea. Zachariah akakunja mikono ya shati, akamwosha, kisha akawasha draya na kuzivuta nywele kwa kitana. Zikanyooka hadi mabegani. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Niwekee chupa mbili!" Jackie akasema.

"Ngoja kwanza." Wangeci akanyunyiza maji upande mmoja. Nywele zikaanza kupanda, zikajikunja, zikarudi juu ya sikio.

"Baba mdogo, umeosha au umepiga pasi?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Zachariah akainama karibu naye. "Mama, usiniaibishe. Mabango yameshachapishwa. Waache wanunue, wajionee wenyewe."

Nilitaka kusema, lakini binti yangu hakuhitaji msaada.

"Unaniita mama, sivyo?" alisema, akisimama wima. "Basi mama amekataa. Na Muigai alikuwa kifungua mimba wangu. Toa jina lake kwenye hilo bango lako."

Wa kwanza kucheka alikuwa Jackie. Zachariah akaliweka bango mezani. Mkikuyu aliyelelewa vizuri habishani na mamake mbele ya watu, hata kama ni yeye aliyembeba mama huyo mgongoni alipokuwa mtoto.

"Sasa mimi naolewa na nywele gani?" Jackie akauliza, akijitazama kwenye kioo, upande mmoja umenyooka, mwingine umejikunja.

"Zako. Kaa nizitengeneze."

Jackie akakaa. Zachariah naye akaomba makasi. Alilikata jina la kakake polepole, asiguse hata herufi moja, akaniletea nilipokuwa nimeketi. Nililipokea kwa mikono miwili.