Kanga ya Chini Kabisa Sandukuni

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Ipagala kuna akina mama wananiita, "Baba Sifa, geuka tusome!" na mimi nacheka nao, maana nitafanyaje, aibu ukishaivaa hadharani huwezi kuirudisha dukani.

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa amewachukua watoto wakaenda Gulwe kumwona bibi yao, nikabaki peke yangu mjini sina ratiba, na hiyo kwa mtu kama mimi ni hatari (nimeishi Manyoni, nimeishi Kondoa, na kote nadhani nilihama kwa sababu ya kukosa la kufanya siku za mapumziko). Agizo aliloniachia lilikuwa moja tu: "Usinigombanishe na Mama Neema." Huyo ni jirani yetu, mwenye bomba tunalochota maji. Walikuwa wamenuniana miezi miwili, ndoo zetu zikawa zinatafuta maji mtaa wa tatu, na wiki hiyohiyo ndiyo walikuwa wamepatanishwa.

Basi, uvivu. Badala ya kufua suruali moja nikaloweka zote, pamoja na niliyoivaa, ili nikimaliza nimalize. Taulo nalo nikaliona chafu, nikalitumbukiza. Nikafungua sanduku la mke wangu. Kanga za juu zilikuwa zimepigwa pasi (nani anataka kesi?), nikavuta ya chini kabisa, mpya, rangi ya zabibu, nikajifunga kiunoni. Nilipomaliza kuanika nikakaa kivulini nikiwaza utotoni tulivyokuwa tukikimbia kando ya treni pale Gulwe tukiwapungia abiria tusiowajua.

Ndipo upepo wa Dodoma, si mnaujua, ukainuka na vumbi lake, ukanyanyua suruali yangu ya kazini kwenye kamba, ukaitua uani kwa Mama Neema.

Ningeweza kusubiri. Lakini vumbi kwenye suruali mbichi ni tope, nikasema naenda mara moja tu, nani ataniona?

Walikuwa kama kumi na wawili, akina mama wa jumuiya, wamekaa mkekani, ndiyo kwanza wamemaliza sala.

"Hodi!"

"Karibu, Baba Sifa," akasema Mama Neema, akijikaza asicheke.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mkono mmoja kwenye fundo la kanga. Nikawapa mgongo, nikainama kuokota suruali.

"Hebu geuka tena," akasema Mama Neema.

"Nigeuke?"

"Kama ulivyokuwa. Wengine hatujavaa miwani."

Yule bibi (kumbe macho yake mazima kabisa) akasoma kwa sauti ya kanisani: "UKINIPA MAJI, HUJANINUNUA."

Nikahisi jasho mpaka kwenye magoti. "Mama Neema, hii si yangu!"

"Najua, baba. Wewe huwezi kuchagua maneno makali hivyo."

Nikaanza kuondoka kinyumenyume ili maandishi yaelekee ukutani, suruali nimeikumbatia, nikajikwaa, nikakaa pwaa ndani ya beseni la maji ya kuoshea vyombo. Mama Neema akageuka akaingia ndani, nami nikajua basi, bomba tumelikosa tena, na safari hii ni mimi.

Akarudi na kanga, mpya, bado ngumu ya dukani. Akaikunjua: "MIMI HUNITAKI, BOMBA LANGU UNALITAKA."

"Nilinunua yangu siku zilezile za kununiana," akasema, "nikakosa ujasiri wa kuivaa. Ingia bafuni, vua hiyo iliyolowa, vaa hii. Na kesho Mama Sifa akirudi akukute nayo. Asipokukuta nayo, maji hamna!"

Bibi akacheka hadi akalala mkekani.

Kesho yake jioni nikampokea mke wangu nimeivaa. Akanizunguka, akasoma, akakaa juu ya begi lake palepale mlangoni.

"Ulivaa ile ya chini?"

"Niliivaa."

"Mbele ya nani?"

"Jumuiya nzima."

Akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Kisha akachukua ndoo akaenda bombani, na vicheko vya wale wawili nikavisikia hadi jikoni.

Siku hizi kanga hizo wanaazimana. Mimi nimeapa: nguo isiyo na mfuko siivai kabla ya kuisoma.